Miaka Mitatu na Ushee Nikiitwa Dada

Nianze na ndugu yangu, maana bila yeye haya ya mfungwa aliyeniita Dada hayaeleweki. Alikuwa kitinda mimba wetu. Alifariki Desemba 2016 kwenye ajali ya matatu pale Salgaa, akitoka Nairobi kuja nyumbani kwa Krismasi, akiwa na miaka 26. Nauli nilimtumia mimi. Tulimzika, nikarudi shuleni Januari, nikafundisha ngeli na ushairi kama kawaida, na kila aliyeniona alinisifu kwa kujikaza. Sikulia vya kutosha. Leo nalijua hilo. Wakati ule nilidhani nimepoa.

Mwaka uliofuata nilijiunga na kundi la kanisa letu linalotembelea wafungwa. Tulikuwa watu tisa. Jumamosi mbili kila mwezi tulipanda matatu hadi gereza moja kubwa viungani mwa Nairobi, tumebeba sabuni, madaftari na kalamu. Tuliimba, tukaomba, kisha tukagawana vikundi vya kufundisha kusoma na kuandika. Mafunzo tuliyopewa kabla ya kuanza yalichukua alasiri moja. Tuliambiwa tuvae nini na tusiingie na nini. La moyo hakuna aliyeligusa.

Mfungwa huyo alikuja kwenye kikundi changu Februari 2018. Alivaa kunguru kama wenzake, ile sare ya mistari, lakini yake ilikuwa imenyooka kana kwamba imepigwa pasi. Alisoma vizuri kuliko wote na baada ya wiki chache akawa ananisaidia kufundisha wengine. Hakulihitaji darasa langu hata kidogo. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nijiulize amefuata nini.

Alikuwa amefuata barua ya kortini. Ilikuwa miezi miwili tu tangu Mahakama ya Juu itoe uamuzi wa kesi ya Muruatetu, tarehe 14 Desemba 2017. Kabla ya hapo, jaji aliyempata mtu na hatia ya mauaji hakuwa na hiari: kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kilimlazimisha kutamka hukumu ya kifo, awe mtu huyo alipanga mwezi mzima au alirusha jiwe katika ugomvi wa ghafla. Kunyonga kwenyewe kulikoma 1987, waliponyongwa pale Kamiti wanajeshi waliojaribu kupindua serikali mwaka 1982. Lakini hukumu ziliendelea kutolewa, na marais wakawa wanazigeuza kuwa vifungo vya maisha. Kibaki alifanya hivyo 2009. Uhuru akafanya Oktoba 2016 kwa wafungwa 2,747, na huyu alikuwa mmoja wao. Sasa Mahakama ya Juu ilikuwa imesema kulazimisha huko kunavunja Katiba, na gereza zima likashikwa na homa ya maombi. Kila mtu alitaka arudi kortini ahesabiwe miaka, ili neno "maisha" lipate tarakimu.

"Mwalimu," aliniambia, "wewe una lugha. Nisaidie kupanga maneno."

Nilikubali, na siijutii nia ile. Ninachojuta ni nilichokifanya wiki tatu baadaye, tulipokuwa tunaandika sehemu ya familia yake, nikamweleza habari za ndugu yangu. Hakuniuliza. Nilijieleza mwenyewe. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Alikuwa na miaka 26? Mimi niliingia humu ndani nikiwa na 26. Basi Mungu amenipa dada, na wewe amekurudishia ndugu." Siku hiyo nililia kwenye matatu kuanzia Githurai hadi mjini, kile kilio ambacho sikukilia kaburini. Tangu hapo sikuwa Mwalimu tena. Nilikuwa Dada.

Watu wakisikia kisa hiki hudhani ni mapenzi. Wako wanaovutwa kimapenzi na watu waliofanya makosa ya kutisha, na wanasaikolojia wana jina la hali hiyo. Yangu haikuwa hiyo, na ndiyo sababu sikuona hatari. Nilikuwa nimejihami upande huo kabisa. Nina mume, nina mtoto, na angenitamkia neno moja la kimapenzi ningeondoka siku hiyo hiyo. Hakulitamka kamwe. Kwa hiyo kama wewe umefiwa karibuni, hata kama ni miaka miwili imepita na unajiona uko sawa, subiri. Pengo la msiba linaonekana na mtu mwenye muda mwingi wa kutazama, na mfungwa wa maisha ana muda.

Kosa lake alinisimulia hivi. Mwaka 2011 alikuwa na mpenzi huko Eastlands. Walikosana kwa ajili ya pesa, msichana akamtukania mama, giza likamwingia, na alipozinduka damu ilikuwa sakafuni. Dakika moja ya hasira, alisema, na miaka yote hii ya kuilipia. Nilimpa kitambaa changu ajifute machozi. Sikuuliza swali hata moja, mimi ambaye mwanafunzi akiniambia daftari limeibwa humuuliza maswali kumi.

Kilichobadilika kwanza kwangu kilikuwa lugha. Nina madaftari niliyoandika baada ya kila ziara, na nimeyasoma tena yote nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Ukurasa wa kwanza nimeandika "alimuua". Miezi mitatu mbele nimeandika "kifo kilichotokea". Mwisho wa mwaka ule ni "ile shida yake". Kwenye barua ya kortini niliandika kwa mkono wangu kwamba "uhai ulikatika". Nimefundisha kauli ya kutendeka miaka kumi na saba. Nawaambia watoto: kikombe kimevunjika, nani kakivunja? Sentensi haisemi. Na bado sikuona nilivyokuwa nikiitumia kumficha mtendaji. Marehemu naye akaanza kuwa "marehemu", akawa "yule msichana", kisha kuna daftari zima la 2019 ambalo hayumo kabisa.

Ndiyo maana naweka hili mbele ya mashauri mengine yote. Ukianza kwenda kumtembelea mtu aliyeua, andika baada ya kila ziara, na baada ya miezi michache rudi utazame vitenzi vyako. Moyo unaweza kukudanganya mwaka mzima. Kitenzi ulichokiandika kimekaa pale pale.

Juni 2019 wakili wake alinipa nakala ya faili, bahasha ya kaki nene. Nilipomwambia yule mfungwa nimeipata, alinijibu kwa sauti ya upole sana. "Dada, usisome hayo. Yameandikwa na watu wasionijua. Yatakunyima usingizi bure. Nisikie mimi." Niliisikia kama huruma. Bahasha ikakaa juu ya kabati, chini ya blanketi za wageni, miezi 28.

Kisha korona ikaingia. Machi 2020 ziara za magereza zilisimamishwa, na nikajiambia sasa nitapumzika. Wiki ya pili nambari ngeni ikapiga saa nne na nusu usiku. Simu ndani ya gereza ni marufuku kwa mfungwa. Nilijua. Nilipokea. Nilitoka nje kwenye baraza, nikavuta mlango, na kitendo hicho cha kuvuta mlango ndicho kilichokuwa usaliti wa kwanza nyumbani kwangu, ingawa mazungumzo yenyewe yalikuwa ya sala na kikohozi. Baadaye alipiga mara tatu kwa wiki. Akianza kuchelewa nilikuwa natazama simu huku nikisahihisha insha, na asipopiga nilimkaripia mtoto bila sababu.

Pesa zilianza kwa shilingi 500 za sabuni. "Tuma kwa nambari hii, Dada, ni ya jamaa ya rafiki." Halafu dawa. Halafu ada ya kunakili karatasi, mara mbili ada ile ile. Nilipokuja kuchapisha taarifa za M-Pesa nilikuta nimetuma 86,400 katika miezi 19. Mume wangu alikuwa amepunguziwa mshahara kwa sababu ya korona, na tulikuwa tumemhamisha mtoto kwenye shule ya bei nafuu.

Mwili nao ulikuwa unasema. Nilikuwa nafunga mlango, narudi kuujaribu, narudi tena. Nyama ikiwa inakatwa jikoni niliondoka. Niliota nyumba ambayo sijawahi kuingia, yenye sakafu ya saruji nyekundu, na mimi ndiye ninayepiga deki. Na jambo linaloniumiza zaidi kulisema: taarifa ya habari ya saa moja ikitaja msichana aliyeuawa na mpenzi wake, swali la kwanza akilini mwangu lilikuwa huyo kijana atapata wakili gani. Nilikuwa nimekuwa hivyo. Mfanyakazi mwenzangu mmoja aliniambia, "Siku hizi unaongea kama umelishwa maneno." Nikakata urafiki naye.

Oktoba 2021 ombi lake likaitwa katika korti za Milimani, Nairobi. Nilikuwa nitoe ushahidi kuhusu tabia yake. Nilifika mapema, nikaketi kwenye benchi nje ya chumba cha korti, barakoa usoni, barua yangu ndani ya faili la plastiki. Mama mmoja mzee mwenye kiondo alinisogezea nafasi.

"Umekuja kwa kesi gani, mwanangu?"

Nikamwambia, tena kwa fahari, nimekuja kwa ajili ya ndugu yangu, nikalitaja jina la mfungwa.

Hakushtuka. Alikuwa ameletwa kwa sababu sheria ya kulinda waathiriwa ya mwaka 2014 inaipa familia haki ya kusikilizwa, na afisa wa probesheni alikuwa amemweleza kwamba kuna mwalimu atakayesimama upande wa pili. Alinitazama kwa muda. Akasema, "Basi wewe ndiye mwalimu. Hebu niambie. Mtoto wangu alikuwa anaitwa nani?"

Sikujua.

Nilijua chakula anachokipenda muuaji wake, wimbo wa tenzi unaomtoa machozi, jina la mbwa aliyekuwa naye utotoni. Nilifungua mdomo mara mbili. Yule mama hakunikemea. Alinitajia majina yote matatu, polepole, kama mtu anayemsomea karani ili yasiandikwe vibaya. Kisha akanyoosha kiondo chake miguuni na tukaendelea kukaa pamoja mpaka tulipoitwa ndani na kuambiwa kesi imeahirishwa wiki mbili.

Usiku huo niliiteremsha bahasha. Nilisoma hadi saa kumi alfajiri. Msichana alikuwa amemwacha wiki tano kabla. Alikuwa amepiga ripoti kwa polisi mara mbili kwamba anafuatwa. Muuza duka wa vyombo alitoa ushahidi kwamba kisu kilinunuliwa siku mbili kabla. Jirani alimwona mwanamume huyo akisubiri langoni kuanzia saa kumi na mbili jioni. Majeraha yalikuwa kumi na moja. Asubuhi yake muuaji aliuza simu ya marehemu. Kuhusu matusi ya mama, hakuna mahali palipotajwa, si katika ushahidi wa mashtaka wala katika utetezi wake mwenyewe. Hasira ya dakika moja ilikuwa na siku mbili za matayarisho, na jaji alikuwa ameyaeleza yote hayo kwa lugha nyepesi ambayo mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeielewa.

Hukumu nyingi za Mahakama Kuu ziko wazi kwenye tovuti ya Kenya Law, na kusoma ni bure. Ningeweza kuisoma Februari 2018 kwa simu yangu nikiwa kwenye matatu. Wewe isome kabla ya ziara ya kwanza. Usiisome ili umchukie mtu. Isome ili usimjue kwa mdomo wake peke yake. Na jina la aliyekufa lijue kabla hujajua lingine lolote.

Nilimpigia wakili nikamwambia sitatoa ushahidi. Usiku huo simu ikalia.

"Dada, umenigeuka?"

Nikamwambia nimesoma faili. Kimya. Kisha sauti ikabadilika kidogo tu, ikawa kavu, bila ukali. "Shule mpya ya mtoto ina geti la kijani, sivyo? Mimi sisemi kitu. Nakumbuka tu ulivyonieleza."

Kweli nilikuwa nimemweleza. Kila alichokuwa nacho juu yangu nilimpa mwenyewe, kidogo kidogo, kama mtu anavyompa ndugu yake.

Niliingia ndani nikamwamsha mume wangu na kumwambia yote. Hiyo ndiyo saa ngumu kuliko zote, kuliko hata ile ya benchi. Hakupiga kelele. Aliomba simu, akasoma taarifa za M-Pesa mstari kwa mstari, akauliza, "Na sauti niliyokuwa naisikia barazani ni huyu?" Asubuhi tulikwenda pamoja kituo cha polisi, tukaandikisha ripoti na kupewa nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, tukabadilisha laini yangu, tukazungumza na mwalimu mkuu wa shule ya mtoto, na kiongozi wa kundi letu akapeleka habari kwa wakuu wa gereza. Hakuna kilichotufuata. Lakini kwa miezi minne mume wangu alimpeleka mtoto shule na kumchukua yeye mwenyewe, na alilala sebuleni karibu na mlango. Nilidhani analinda nyumba. Alikuja kuniambia baadaye kwamba hakuwa tayari kulala karibu nami.

Mshauri nasaha alinitoza 2,500 kwa kikao, vikao 14. Naandika bei kwa sababu watu huniuliza, na kwa sababu ningeweza kulipia vikao hivyo zaidi ya mara mbili kwa pesa nilizomtumia yule. Alinieleza kwamba anayesikiliza mateso na ukatili muda mrefu anaweza kupata dalili za mtu aliyekuwepo: ndoto, kuogopa milango, kubadilika kwa jinsi anavyoiona dunia. Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, McCann na Pearlman, waliandika juu ya hali hiyo kwa matabibu wanaowasikiliza waathiriwa. Wao wana mafunzo na wana mtu wa kuwasimamia. Mimi nilikuwa na alasiri moja na ile sauti ya usiku.

Nilitaka sana aniambie kwamba yule mtu ni saikopathi, yaani mtu asiye na huruma wala majuto, niende zangu. Alikataa. Kipimo kinachojulikana zaidi, cha Robert Hare wa Kanada, kina vipengele 20, na hujazwa na mtaalamu aliyefunzwa, aliyemhoji mhusika na kusoma kumbukumbu zake. "Hata huyo mtaalamu haamini maneno ya mhusika bila faili," akasema. "Na faili wewe ulikuwa nalo juu ya kabati." Kisha akaniuliza ni nini nilichokipata kwa kutolisoma. Swali hilo lilichukua vikao vitatu. Nilipata ndugu. Na nilipata kuwa mtu pekee aliyeuona wema ambao korti, polisi na dunia nzima waliukosa, na utamu wa hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Nilisoma pia juu ya wengine. Norman Mailer, mwandishi mashuhuri wa Marekani, alimpigania mfungwa aliyeitwa Jack Henry Abbott, aliyekuwa ameua tayari gerezani, kwa sababu alivutiwa na barua zake. Abbott aliachiliwa 1981. Wiki sita baadaye alimchoma kisu mhudumu wa mkahawa jijini New York, akamuua. Kurasa na kurasa juu ya Mailer na Abbott, barua zao, vipaji vyao. Mhudumu nilimkuta katika mistari miwili: Richard Adan, miaka 22, mwigizaji aliyekuwa akiandika tamthilia. Nikafunga kompyuta nikakaa gizani.

Sisemi watu wasiende magerezani. Wenzangu wanane bado wanakwenda, nami bado naamini serikali haina haki ya kumnyonga mtu. Na sidai kwamba machozi yake yote yalikuwa ya uongo. Mtu anaweza kujuta kwa dhati na bado akakutumia. Lakini kundi letu limebadilika. Hakuna anayemhudumia mfungwa mmoja zaidi ya miezi sita bila mwenzake kuingia. Hakuna anayetoa nambari ya simu, jina la mtaa wala la shule. Pesa hazipiti mkononi mwa mtu. Kinachohitajika kinanunuliwa na kundi na kupitishwa ofisini. Wakirudi, huketi nusu saa kanisani na kila mmoja anasema alichoambiwa, na kama kuna jambo umeambiwa "hili liwe letu wawili", hilo ndilo la kusema kwanza. Mimi siingii ndani. Nawafunza wageni, siku nne sasa badala ya alasiri moja.

Korti ilimpa miaka 30 kuanzia siku aliyokamatwa. Atatoka akiwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. Ameniandikia barua mbili kupitia kasisi wa gereza, na kasisi amezirudisha kama nilivyomwomba.

Kwa muda mrefu nilitaka kumtafuta yule mama nimwombe msamaha. Nilishajua kijiji, kimeandikwa kwenye faili. Mshauri akaniuliza, "Ukifika kwake, nani atatoka amepata kitu?" Sikwenda.

Bahasha niliirudisha kwa wakili, isipokuwa nakala ya karatasi moja, ile ya mashtaka. Iko ndani ya daftari langu la mafunzo. Asubuhi ya kila darasa la wageni naisoma kabla sijatoka nyumbani: jina la aliyeua, kisha kitenzi, kisha yale majina matatu.